Skonzi Nilizooka Mara Mbili

Kings Heath, Birmingham
Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Salaam hizi zikukute umeshakunywa chai yako na umeshamaliza kumgombeza mwuza samaki. Mungu akupe amani wewe na wote walio chini ya paa lako hapo Tanga. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ukiondoa vile viungo ambavyo mtu wa miaka sabini na tisa anaruhusiwa kuvilalamikia. Goti lako je? Usinijibu kwamba halijambo, maana mwanao Saidi amenieleza habari ya mkongojo. Hiyo nitaifikia. Ukiruka kurasa kuitafuta, nitajua.

Uliniuliza kwa nini ninaandika barua na simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, mdogo wangu, na jambo nililo nalo leo linataka lisikilizwe hadi mwisho.

Kwenu mnangoja mvua za vuli. Huku miti inapukutika. Asubuhi naamka giza bado limekaa dirishani, na njia ya mbele ya nyumba imefunikwa na majani mekundu yaliyolowa, yanateleza kama maganda ya embe. Jirani wa nyumba ya tatu ana mti wa matufaha. Yakianza kuanguka huyaweka ndani ya boksi langoni mwake na karatasi inayosema anayetaka achukue. Miaka yote hii nimeishi huku, na boksi lile bado hunifurahisha kila mwaka.

Sasa nikuambie ukweli niliokuficha. Mwezi wa saba nilikuambia kwamba niliteleza kidogo jikoni. Haikuwa kidogo. Nilikuwa natoa sinia la moto kwenye oveni, mguu ukakataa, nikaenda chini na sinia langu. Nikalala pale sakafuni tangu kabla ya adhuhuri hadi Rukia alipotoka kazini na kuja kunitazama, kwa kuwa alinipigia simu mara tisa nisipokee. Nilikuwa naisikia ikilia sebuleni. Hakikuvunjika kitu ila sahani mbili. Lakini uso wa mwanangu alipofungua mlango ule sijausahau.

Tangu siku hiyo Rukia alishika wimbo mmoja: nihamie kwake. Unajua anakokaa? Longbridge, kwenye nyumba mpya zilizojengwa pale pale kilipokuwa kiwanda cha magari, ambacho mimi niliwapikia wafanyakazi wake kwa miaka kumi na minane. Chumba ameshakitayarisha, mapazia ameshanunua. Ni chumba kizuri, sina la kukisema. Kina rafu moja ya vitabu. Hapa kwangu vitabu vyangu na vya marehemu shemeji yako vimejaa ukuta mzima, na kiti alichokuwa akisomea gazeti bado kinatazama bustani. Nilimwambia Rukia, "Mwanangu, nilitoka pale nikiwa nimechoka. Leo unataka nirudi kulala pale?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Mama, usipopokea simu moyo wangu husimama. Hilo nalo ulifikirie."

Nikalifikiria. Tukakubaliana hivi: huku kuna wataalamu ambao kazi yao ni kwenda majumbani kwa wazee, kumtazama mtu akijipikia chai na kitu kidogo cha kula, kisha kusema kama anaweza kuishi peke yake. Aje mmoja anitazame. Akisema naweza, Rukia ananyamaza. Akisema siwezi, nafunga mizigo bila ubishi. Nikatoa neno langu mbele ya picha ya baba yake.

Tukapewa Jumanne, saa tatu asubuhi.

Mwanaidi, wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja. Mtu anakuja nyumbani kwako saa tatu asubuhi, saa ya kufungua kinywa, na baridi iko nje. Utampa chai kavu? Nikaamua kuoka skonzi za zabibu. Si zile laini za mkate tulizokuwa tukinunua utotoni. Za huku hazitiwi hamira wala hazikandwi. Alinifundisha Doris, mpishi mkuu wa kule kiwandani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora. Siku yangu ya kwanza alinikuta naukanda unga kama wa maandazi, akanipiga kofi la mkono. "Umegombana nao kwa nini?" akaniuliza. "Uache upumue!" Siagi iwe baridi, uisugue kwenye unga kwa ncha za vidole tu mpaka iwe chenga. Maziwa ya mtindi. Kisha unakata kwa kikombe, moja kwa moja chini, bila kukizungusha, maana ukikizungusha skonzi huota kombo. Yai unapaka juu tu. Likichuruzika pembeni haziinuki. Doris alishatangulia mbele ya haki. Kila nikioka namtaja, na kila mara mkono unauma kidogo pale aliponipiga.

Basi siku ile, baada ya sala ya alfajiri, nikaingia jikoni. Nikaoka skonzi kumi na mbili, zikainuka kama zilivyotakiwa. Nikaosha vyombo, nikavipangusa, nikavirudisha kabatini. Nikatandika kitambaa cha meza kile ulichonifumia. Nikatoa siagi, jamu, birika la chai ya maziwa. Nikavaa gauni la Idi.

Jambo moja zaidi nililifanya, na hapa uniombee msamaha. Tangu nianguke nilikuwa nikipikia juu ya kiti. Kiti chenyewe kirefu, cha mbao, cha miguu minne. Nilikinunua barabara kuu ya hapa Kings Heath, baa moja ilipofungwa na kuuza vitu vyake. Ndiyo, umesoma sawasawa. Dada yako, binti wa mwalimu wa madrasa, hupikia juu ya kiti cha walevi. Rukia mwenyewe hakuwa anajua. Kila akija nilikuwa nakificha kwenye kabati la chini ya ngazi. Na siku ile nikakificha vilevile tangu alfajiri, nyuma ya kifagio cha umeme. Mgeni hapaswi kuona udhaifu wa nyumba. Sivyo tulivyofundishwa?

Saa tatu kamili kengele ikalia. Rukia, aliyewahi kufika, akafungua. Akaingia mwanamke wa makamo, koti zito, mkoba begani. Nikasoma jina kwenye kadi ya kifuani: Njeri. Moyo wangu ukafurahi. "Karibu mwanangu," nikamwambia, "karibu ndani, viatu usijali."

Naye akacheka kwa mshangao. "Ai! Mama ni wa kwetu! Asante sana, mama. Habari ya asubuhi?"

Mkenya huyo, wa bara huko. Nikamvutia kiti. Akasimama palepale akiitazama meza, kisha akaenda jikoni, akaitazama sinki kavu na jiko linalong'aa. Akarudi.

"Sasa mama, hii chakula yote ni nani amepika?"

"Ni mimi. Nimeamka alfajiri. Kaa ule."

"Lakini mimi nimetumwa nikuone ukipika."

"Mgeni aingie jikoni kunitazama nikipika? Na njaa yake?"

Akaketi, akanishika mkono. "Mama, hata kwetu mgeni halali njaa. Lakini leo mimi si mgeni. Leo mimi ni macho tu. Kitu sijaona, siwezi andika. Wengine wanaweza sema huyu msichana wako ndiye alikupikia."

Rukia akaruka. "Mimi? Mimi siwezi hata kukaanga yai!" Na hiyo, Mwanaidi, ni kweli tupu.

Nikamsukumia sahani angalau ale moja. Akaisogeza pembeni, kwa adabu, lakini akaisogeza. Hajawahi mtu kuingia nyumbani kwangu akasogeza sahani. "Kwanza kazi, mama. Oka tena, hata kidogo tu."

Oka tena. Na mimi nimesimama tangu alfajiri! Zabibu zilikuwa zimekwisha. Nikachukua matufaha mawili ya boksi la jirani, nikaanza kuyakwaruza. Yeye kasimama mlangoni na kalamu yake, Rukia nyuma yake anakula kucha. Nikapima unga. Nikatia siagi. Nilipoanza kuisugua, mguu wa kulia ukaanza kutetemeka, ule ule. Nikaegemea sinki. Nikajidai nachungulia bustani. Rukia akataka kunijia, Njeri akamzuia kwa mkono.

"Mama," akasema taratibu, "siku mimi siko, ukifika hapa unafanya nini?"

"Nasimama tu."

Akaandika kitu. Nikaona mapazia ya Longbridge.

Kisha akainama, akagusa sakafu karibu na jiko. "Hapa kuna alama nne. Za duara. Kuna kitu hukaa hapa kila siku, na leo hakipo."

Unga mikononi, gauni la Idi mwilini, miaka sabini na tisa, nimekamatwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mwisho nikasema, "Rukia, kabati la chini ya ngazi. Nyuma ya kifagio."

Akakileta amekikumbatia. "Mama! Hiki ni cha baa!"

"Najua ni cha baa. Kiweke chini, miguu inaniishia nguvu."

Nikapanda juu yake, na nakuambia, mikono ikarudi kwenye kazi yake. Nikasugua siagi nimekaa, nikakata nimekaa, nikapaka yai. Oveni iko usawa wa magoti nikiwa pale. Nikavuta rafu nje nusu, skonzi nikazipanga moja moja kwa mwiko bapa, na zilipoiva nikazitoa moja moja vivyo hivyo. Sinia zima silinyanyui tena.

"Nani amekufundisha kutoa hivyo?" Njeri akauliza.

"Sakafu," nikamwambia.

Akacheka mpaka akajishika ukuta. Halafu akanionyesha karatasi yake. Pale juu palikuwa na mstari uliokatwa. "Ulipokuwa umeegemea sinki nikaandika hapana. Sasa nimefuta. Mama, mtu anaanguka si kwa sababu mguu ni mbaya. Anaanguka kwa sababu amekataa kukaa. Wewe unajua kukaa, ila unaficha." Akafunga mkoba, akavuta kiti cha mezani, akajinyoosha. "Haya. Kazi imeisha. Sasa mimi ni mgeni. Nikaribishe."

Alikula skonzi nne, Mwanaidi. Mbili za zabibu na mbili za tufaha, na akasema za tufaha ndizo bora. Nami nadhani hivyo. Zile za kwanza nilizioka kwa fahari, mikono imekaza.

Alipoondoka, nilidhani Rukia atafurahi au atanuna. Hakufanya hata kimoja. Alisimama pale jikoni, mkono juu ya kiti kile, akaniuliza, "Mama, kwa nini wewe ficha mimi?" Kwa Kiswahili. Miaka arubaini na mbili namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na siku hiyo alikwenda kukitafuta kilipo akakileta, kimevunjika hivyo hivyo. Wiki zote zile yeye alikuwa ananiwazia nimesimama peke yangu, nayumba, kumbe nilikuwa nimekaa. Hofu ile nilimpa mimi mwenyewe, kwa kuficha.

Basi nabaki nyumbani kwangu, namshukuru Mungu. Wameniletea kiti cha kupikia chenye mikono, cha kiserikali, kibaya kwa sura lakini imara. Wamenifungia chuma cha kujishikilia kwenye mlango wa nyuma, na kitufe cha kuvaa shingoni ambacho nikikibonyeza Rukia hupata habari. Nakivaa, hata bafuni. Na kila Jumamosi Rukia huja kufungua kinywa kwangu. Amejifunza kuoka. Ana mikono ya nguvu kama baba yake, kwa hiyo skonzi zake za kwanza zingefaa kujengea msingi. Tulizila zote, tukizilowesha kwenye chai. Nilimpiga kofi dogo la mkono. Nikamweleza limetoka wapi.

Sasa nimefika kwako. Saidi anasema ule mkongojo aliokununulia unauweka nyuma ya mlango. Hodi ikipigwa, unautupa huko, unakwenda kumpokea mgeni ukishika ukuta. Anasema mwezi uliopita ulianguka uani, ukajiinua, ukasema ulikuwa unaokota kibiriti. Mjukuu wako alikuona, Mwanaidi. Hapakuwa na kibiriti.

Sikugombezi. Nitakugombezaje, nami nimekueleza ya kabati langu? Nakuomba kitu kimoja tu. Mtu wa kwanza atakayebisha hodi baada ya barua hii, hata akiwa mwuza samaki, mfungulie na mkongojo mkononi. Akishangaa, mwambie dada yako wa Ulaya anapikia juu ya kiti cha baa. Hatakuwa na nafasi ya kuutazama mguu wako.

Mpe Saidi shukrani zangu kwa kukuchongea, na usimnunie. Mkewe mwambie ile iliki aliyotuma imefika na ilinukia hadi kwa mwenye matufaha. Wifi yetu, mjane wa kaka, mbusu mikono kwa niaba yangu. Mjukuu mwenye macho makali mwambie bibi yake wa huku anamhitaji, aendelee kuona.

Rukia anakusalimu. Yuko jikoni sasa hivi kwenye kiti cha kiserikali, anazozana na unga. Hiki kirefu nimekileta hapa dirishani.

Ni mimi dada yako Zuhura, ninayekuandikia nikiwa nimekaa.