Nimekishona Upya Kifaa cha Hospitali na Mkono Bado Unauma

Mshauri wa gazeti, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, nimeipokea kabla hujaitoa. Naomba msaada, lakini usije ukaniita mgonjwa. Mimi ni fundi wa nguo na mtaa mzima hakuna anayekata kitambaa kama mimi, wananiita Jicho kwa sababu sichori kwa chaki, chaki ni ya watu wasioamini macho yao, mimi nakutazama mara moja tu ukiingia mlangoni, nachukua mkasi, ule mkubwa wa chuma, nakata toka pindo mpaka begani bila kuuinua, hata ukinisalimia sikujibu mpaka nimalize. Herufi hizi zimelala kama walevi kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto, usidhani shule ilinishinda, mimi ndiye niliyeishinda nikaondoka.

Basi huu mkono wa kulia, hapa chini ya kidole gumba, unawaka moto. Nikifungua mkasi nang'ata meno, nikishika kikombe chai inanimwagikia mapajani. Nimepaka mafuta, nimeukanda, nimeufokea, wapi! Mke wangu akaniburuta hospitali, nikakuta daktari binti mdogo hivi, akanikunja gumba nikapiga kelele mpaka watu wa foleni wakachungulia. Akasema kano za gumba zimevimba kwa sababu ya ule mkasi. Akanipa kifaa cha kufunga mkono pamoja na gumba, ndani kina bati, nikivae wiki kadhaa na mkasi niuweke chini, kisiposaidia atanichoma sindano palepale panapouma, na ikishindikana kabisa ndiyo upasuaji mdogo. Nikamwambia, "Binti yangu, sindano nazijua tangu mama yako hajazaliwa. Mimi huchoma, sichomwi." Akacheka, halafu akaniharibia siku, eti nipite chumba cha pili nikazungumze na mnasihi, naonekana nimebeba mzigo moyoni. Nikamjibu mkono wangu haujapata wazimu, nikaondoka zangu.

Sasa kile kifaa, mshauri, kilishonwa vibaya mpaka aibu, mshono umepinda, nyuzi zinaning'inia, nikionekana nacho dukani wateja watasema nimekishona mimi. Nikakifumua, nikatoa lile bati lililokuwa linaharibu umbo, nikatia bitana laini, nikakizungushia pindo kwa cherehani, nikakiwekea na kimfuko kidogo cha chaki. Kimetoka kizuri mpaka muuza viatu wa jirani anauliza kama nakiuza. Mke wangu alipokiona akashika kiuno.

"Mzee, umekifanya nini kifaa cha hospitali?"

"Nimekirekebisha."

"Kwani kinakwenda harusini?"

Na hapo kwenye harusi ndipo penye kidonda. Kitinda mimba wangu, anayeshona kwenye cherehani ya pili pale dukani, anaolewa mwezi ujao, na mimi nilisimama mbele ya wakwe nikatangaza gauni lake nitalikata mwenyewe. Kitambaa kiko mezani, cheupe, nakizunguka tu kama paka na maziwa ya moto. Juzi nilijaribu kwanza kwenye pazia kuukuu, mkasi ukanitoka, ukaanguka. Binti yangu akauokota, akasema, "Baba, nikate mimi?" Nikamfukuza dukani, mwanangu ambaye hajanikosea lolote. Tangu hapo chakula hakipiti, wateja nawaambia umeme umekatika na taa inawaka juu ya kichwa changu. Nisipokata, mimi ni nani mle dukani, pasi? Nitajie dawa kali isiyo na sindano, na umwambie mke wangu kwamba kifaa nilikirekebisha sawasawa.

Fundi Jicho

*

Fundi Jicho, shikamoo. Marahaba nimeikuta tayari.

Pole kwa maumivu, najua si madogo. Lakini huruma yangu inaishia kwenye lile bati. Baba, bati ndilo lililokuwa dawa! Kazi yake ni kulizuia gumba lisikunjike ili kano zipumzike. Ulichobaki nacho ni soksi ya mkono yenye bitana. Mteja akiichukua suruali yako, akang'oa zipu kwa kuwa haimpendezi, kisha akarudi kulalamika kwamba inamvuka, ungemwambiaje? Jiambie hivyohivyo, na kwa sauti ileile.

Kesho rudi kwa daktari, na uende na mkeo, maana peke yako unaondoka katikati ya mazungumzo. Sema ulichofanya, usiwasingizie panya. Omba kifaa kingine, na hicho usikiguse hata kama mshono wake unakutoa machozi. Muulize mazoezi ya gumba yanaanza lini, na uache kujikanda kwa hasira. Akiona sindano inafaa, muulize faida yake na madhara yake, kisha uamue mwenyewe. Kama unaiogopa, mwambie unaiogopa. Dawa kali ya kujinunulia mimi sikutajii.

Na chumba cha pili utaingia. Mtu ambaye chakula hakimpiti, anayemfukuza mwanawe, anayedanganya umeme umekatika chini ya taa, ana maumivu mahali ambapo bati halifiki, na hofu ya namna hiyo huweza kuuzidishia maumivu hata mkono. Umeuliza wewe ni nani usipokata. Swali hilo ni kubwa kuliko safu yangu, mpelekee mnasihi, na ukae mpaka mwisho. Kabla ya yote, mwombe binti yako radhi leo.

Gauni atakata yeye. Wakwe watangazie upya: jicho la baba, mkono wa binti.

Utakataa, najua. Basi nijibu hili moja: fundi asiyetumia chaki alishona kimfuko cha chaki cha nini? Ulikwishajua, mzee wangu, ulikuwa unangoja mtu akuambie. Itoe hiyo chaki, ishike kwa mkono wa kushoto, chora kwenye kile kitambaa cheupe. Mistari ikilala kama walevi, binti yako atainyoosha kwa mkasi.