Vyoo vya Shule Yenye Afya

Tafila, 4 Februari

Mama kipenzi,
Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Mkuu wetu wa shule, Bi Ibtihal, amenifanya msimamizi wa mpango wa Shule Yenye Afya. Kamati inakuja Machi kukagua. Basi, vyoo vipya visije vikachafuka, amevitia kufuli vyote, vya wasichana na vya walimu, na funguo kanikabidhi mimi. Wasichana wameacha kunywa maji, na sisi walimu vilevile. Nilipolalamika akaniambia kwa upole, “Rihab, barua yako ya uhamisho bado iko mezani kwangu.” Mwaka wa saba huu nangoja kurudi Ajlun kukutunza.
Mwanao, Rihab

Ajlun, 15 Februari

Mwanangu,
Nimefurahi kusikia u mzima. Magoti ni yaleyale, tuyaache. Nimesafisha vyoo vya shule miaka ishirini na sita, na choo kikichafuka huwa kinaoshwa, basi. Huyo mkuu wako ana wazimu. Fungua. Mimi nitajikokota hivihivi.
Mama yako

Tafila, 29 Machi

Mama,
Natumaini umeamka salama. Kamati imekuja. Asubuhi ile nilifungua vyoo, wakavisifu, wakauliza kama huwa wazi kila siku. Nikasema ndiyo, nikasaini. Cheti kimetundikwa ukutani, kufuli zimerudi, na uhamisho wangu umepita! Nakuja Juni.

Ila sina raha. Hanin wa darasa la nne amelazwa, figo. Kumbe kila siku alikuwa akijikojolea njiani kurudi nyumbani, na mama yake akimchapa, akidhani ni utukutu.
Rihab wako

Ajlun, 6 Aprili

Mwanangu,
Nililia kwa furaha, sikufichi. Kisha nikafika pale ulipoandika habari za Hanin. Kabla hujafunga begi, nenda ukamwambie yule mama kwamba mtoto wake hana kosa. Ukiona aibu, ione hukohuko mbele yake.
Mama yako

Tafila, 20 Aprili

Mama,
Salaam za heshima. Nilikwenda hospitali. Mama Hanin hakunitukana. Alikaa tu akiipapasa miguu ya mwanawe aliyoichapa. Kesho yake niliiandikia kamati ukweli wote. Vyoo viko wazi, na uhamisho umefutwa. Nguo nimezirudisha kabatini. Nisamehe, mama.

Pale hospitali Hanin alituona tunalia, akaniuliza kitu kimoja tu: kama sasa anaruhusiwa kunywa maji.
Mwanao, Rihab