Moshi Juu ya Kilima cha Kuluba

Jumatatu, 1 Februari 1999
Muhogo nimeanika. Kuku amedonoa, nimemfukuza. Zubeda, binti yangu, amerudi kutoka kazini Arua na picha zake. Anasema satelaiti inapiga mawingu picha kutoka juu, kila siku, miaka na miaka. Wakubwa wake wanatafuta mlima wa kuweka darubini ya nyota. Kilima chetu hapa Kuluba iko kati ya ile wanapima. Kikikubaliwa, atafanya kazi hapa. Kikikataliwa, atatumwa ng'ambo. Usiku nilishindwa kula.

Jumatano, 3 Februari
Wageni wa darubini wanakuja kesho kutwa kupanda kilima. Na huu ndio wakati wa kuchoma nyasi, watu wawinde panya wa pori. Moshi kila mahali. Nilienda kwa shemeji Lemi, mwenye pori. Kwetu hakuna mutu anawasha kabla yake. Nilimwomba azuie moto mpaka wageni waondoke. Alicheka.

"Shemeji, hata panya sasa wangoje wageni?"

Nikampelekea kuku. Yule yule wa muhogo. Amekubali. Zubeda sikumwambia.

Ijumaa, 5 Februari
Mbingu safi kabisa. Wageni wamepanda, wameshuka, wamekunywa chai. Nilifurahi kama mjinga. Walipoondoka nikamwambia Zubeda habari ya kuku. Hakucheka. Alinishika mkono.

"Mama, satelaiti imeona moshi wetu miaka yote. Kiangazi moshi, masika mawingu. Na kilima chenyewe kifupi. Mimi ndiye nimeandika hapana kwenye ripoti."

Yeye mwenyewe. Nina hasira. Angeandika ndiyo, nani angejua? Halafu naona aibu kuwaza hivyo. Tulipokimbilia Kongo wakati wa vita alikuwa mdogo, alishika kitenge changu njia yote, hakuachia. Sasa mimi ndiye nashika.

Jumapili, 7 Februari
Lemi amewasha. Ukoo wote porini. Zubeda pia, anakimbiza panya, uso mweusi kwa majivu. Nimepika panya na simsim, ufuta wa kusaga. Amekula, akaongeza. Gari ya Arua ni kesho.

Jumanne, 30 Machi
Mvua ya kwanza. Zubeda amefika kwenye mlima wake huko ng'ambo. Ametuma salamu: huko mawingu yanakaa chini ya miguu. Hapa yako juu ya kichwa changu. Nimepanda karanga. Katikati ya mstari nikasimama, nikatazama juu kidogo, labda satelaiti inapita. Nikafunga kitenge vizuri. Nikaendelea.