Goti Halikuporomoka

Nyumba ya Mlinzi wa Njia,
Chini ya Mlima.
Jumapili, 27 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kwanza, maana nikishaanza habari nitasahau kukusalimu inavyostahili. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, Kasuku na Kimya, wanaomjua shangazi yao kwa picha tu, kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Mtoto akikohoa mfunike kifua, si kichwa. Najua wewe unafunika kichwa kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nakufunika mimi, na mama alinigombeza kwa hilo kila usiku wa baridi.

Sisi huku wazima. Shemeji yako ameota kitambi na anasema ni koti. Mtoto wangu wa mwisho, yule aliyezaliwa kiangazi cha mwaka jana, ameanza kutembea, na kwa kuwa ni wa nyumba hii anatembea kwa kupanda: kiti, meza, mgongo wa babu yake. Baba naye yupo. Habari zake nitakupa, ila si kwa mkato, kwa hiyo tafuta mahali ukae kitako.

Barua yako niliipata Jumatano. Mistari mitatu, kama tangazo mnalobandika nyinyi mafundi kwenye lifti iliyoharibika. Umeuliza njia ikoje mwisho huu wa kiangazi, ukaongeza kwamba nikikwambia ni mbaya hutauliza tena. Mstari huo wa mwisho niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Leo ubao wa getini nimeshauandika, wapanda mlima wameshapita, na nina muda wa kukujibu bila kukimbizana.

Nianze na njia yenyewe. Kutoka Kisigino hadi daraja la kwanza ni kavu na ngumu kama sakafu, na vumbi linaingia hadi ndani ya soksi. Chemchemi ya chini imekauka wiki mbili sasa. Maji beba kutoka hapa nyumbani, lita mbili kila mtu, na usiniletee ujana. Kijito cha pili asubuhi unakivuka kwa kukanyaga mawe bila kulowa, lakini alasiri, theluji ya juu ikishayeyuka, kinakufika muundini na ni baridi ya kuuma.

Juu ya Goti changarawe imelegea kwa ukame, usikanyage ukingo wa nje. Mnyororo wa kushikia nimeukaza, na shemeji yako amebadilisha ngazi kumi na moja za mbao, kila moja kwa malalamiko yake. Theluji ya njiani imebaki mabaka mawili tu, kule Shingoni, meusi kwa vumbi, na njia inayazunguka. Radi inakuja karibu kila siku baada ya saa nane mchana, kwa hiyo saa sita iwe imekukuta Begani, au umeshaanza kushuka. Halafu nyigu wamejenga chini ya lile benchi la kutazamia bonde. Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu alikaa pale apumzike. Alishuka mlima kuwapita vijana wote, na fimbo zake mbili ninazo hadi leo.

Kwa jumla, ubaoni leo nimeandika NZURI. Unajua baba alivyotufundisha ubahili wa neno hilo.

Mwanangu mkubwa huwa ananicheka nikitaja Kisigino na Goti na Bega kana kwamba nasimulia ugonjwa wa mtu. Nimemweleza kwamba babu yake, alipokuwa anaichonga njia hii ujanani, alisema mlima ni mzee aliyelala kwa ubavu, akaipa kila sehemu kiungo chake. Kisigino pale getini, Goti kwenye ile kona kali juu ya korongo, Bega penye kibanda. Nikamsimulia pia ile ya kwako, ulipoanguka kitandani ukiwa na miaka minne, ukaja ukilia kwamba Bega limevunjika, na baba akachukua koleo akaanza kupanda. Amecheka hadi akapaliwa.

Sasa nifike kwenye kilichonikaa kooni, maana kicheko hiki nacho kina deni lake kwangu.

Mwaka jana, wakati kama huu, ulisema unakuja. Nikakuandikia kwamba Goti limekwisha, usije. Goti halikuporomoka, mdogo wangu. Halikuanguka hata jiwe moja.

Nisikilize ilivyokuwa. Mtoto alikuwa na wiki tatu, mimi sitoki nje, na baba, mstaafu wa jina tu, ndiye aliyekuwa akipanda kunikagulia sehemu ya juu na kuuandika ubao wa getini. Jioni moja akaingia, akaegemea mlango bila kuvua kofia, akasema, "Mwandikie mdogo wako. Goti limekwisha. Asije." Nikachukua kalamu. Na kwa kuwa nakujua u mbishi, nikatia chumvi yangu mwenyewe: mawe yamebingirika, mnyororo umekatika, hata mbuzi hapiti. Hayo hakuyasema mtu. Niliyatunga mimi huku nanyonyesha.

Njia ilipofunguliwa mwaka huu nilipanda na sururu na koleo, shemeji yako nyuma yangu na mbao begani, tukalitengeneze Goti. Tulilikuta zima. Bwana na bibi mmoja walikuwa wamekaa pale pale wanamenya mayai ya kuchemsha. Shemeji yako alitua mbao, akaniangalia, asiseme neno, na wewe unamjua, kwake yeye kunyamaza ni kazi nzito kuliko kubeba mbao.

Nilishuka moja kwa moja hadi kwa baba. Alikuwa barazani. Nikamwambia, "Baba, Goti ni zima." Akaikunja suruali taratibu hadi juu, nikaliona goti lake la kulia, limevimba na kung'aa, halina umbo la goti. "Mimi nilisema goti," akasema. "Wewe ndiye uliyelipandisha mlimani."

Nilimuuliza mbona hakunisahihisha, na barua nilimsomea kabla ya kuifunga. Akasema alipofika kwenye mbuzi aliona maneno yangu yametoka vizuri kuliko ukweli, akayaacha yaende. Hakutaka uje umkute anateremka ngazi za nyumbani kinyumenyume kama mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, na akaniambia nimwachie maradhi yake.

Nilipaswa kukuandikia siku ile ile. Sikuandika. Niliona aibu ya yule mbuzi, na nilimwonea huruma baba, na siku zikawa zinapita. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi nimeitembea miezi minne. Kila asubuhi nawaandikia ukweli ubaoni wageni nisiowajua hata majina, na ndugu yangu wa tumbo moja nimemwacha na uongo. Nimekukosea. Nisamehe.

Maana najua ulivyolisoma lile neno "asije". Ulilisoma kama jibu la siku ile. Miaka minane sasa tangu umwambie baba, pale pale Gotini, kwamba umepata kazi ya ufundi wa lifti na njia hii hutairithi. Akajitwika sururu yake akapanda bila kugeuka, wewe ukashuka, na kesho yake ukaondoka. Tangu hapo mnaulizana kwa mdomo wangu. Wewe: njia ikoje? Yeye: mwambie njia nzuri. Mimi si mjinga, mdogo wangu. Miaka minane najua hakuna kati yenu anayeuliza habari za mawe. Meno ya mbwa hayaumani, ni kweli, lakini nyinyi wawili mmekaa vinywa wazi muda wote huo hadi taya zimewachoka.

Kama unadhani bado amekukasirikia, acha nimchongee kwako. Kila mgeni akisema anatoka mji mkubwa, baba humuuliza kama lifti za huko zinafanya kazi. Akiambiwa zinafanya kazi, huitikia kwa kichwa, ametosheka, kana kwamba aliyesifiwa ni yeye. Mwezi huu mgeni mmoja alilalamika kwamba ya jengo lao hukwama. Baba alimwambia basi fundi wenu si yule, na hakumweleza ni yule yupi.

Habari za goti lenyewe ni hizi. Njia tunaifunga tarehe ishirini mwezi ujao. Tarehe ishirini na mbili baba analazwa, abadilishiwe goti. Daktari ni mama mmoja mpole asiyezunguka maneno. Alimwambia atatembea vizuri nyumbani, atatembea hadi dukani, lakini mlima auage. Baba akauliza kama anaruhusiwa kuuaga kwa miguu yake. Daktari akafikiri sana, akasema hadi Goti, si zaidi, polepole, na awepo mtu wa kumshika mkono kwenda na kurudi.

Tangu siku hiyo anafanya mazoezi alfajiri kwenye ngazi za nyumbani na kudhani sisikii. Anahesabu kwa sauti. Juzi alifika kumi na nne. Nikifungua mlango anasimama kama anayetafuta kitu kilichomdondoka, nami nasaidia kutafuta.

Mimi naweza kumshika mkono. Mikono ninayo, na mlima ndio kazi yangu. Nimemwambia mara mbili twende, mara ya kwanza akasema jua kali, mara ya pili akasema kuna mawingu. Haungoji mkono wangu, na hainiumi kukuandikia hivyo. Kinachoniuma ni kwamba hatakutamkia kamwe, nawe hutauliza tena, na tarehe ishirini itafika ikutane na vichwa viwili vigumu vilivyotoka kiwanda kimoja. Nimekukumbuka, mdogo wangu. Nimekukumbuka kiasi kwamba nikisikia mtu anapiga mluzi njiani natoka nje kuangalia.

Kwa hiyo kama kazini watakupa hata siku tatu, ziombe sasa. Njoo na buti zako za zamani. Mpya zitakutoa malengelenge kabla ya daraja la kwanza, na sitakuwa na wagonjwa wawili.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Wifi yangu mwambie ile sweta imenienea, asisikilize nilivyosema mwanzo. Kasuku mbusu kwa niaba yangu, na Kimya mshike tu mkono, najua hapendi kubusiwa. Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama kuna lifti inayoweza kubeba mbao hadi Begani. Wapwa zako hawa watatu wanakungoja, hata huyu mdogo ambaye anakungoja bila kujua ni nani. Mungu akulinde huko kwenye mashimo ya majengo unakoning'inia, na akulegeze moyo.

Hapa nilikuwa nimeshafika kwenye kuaga, nikaweka kalamu chini. Nimeapa sitaandika tena jambo la mtu bila kumsomea na kumuuliza kama nimemwelewa. Nikampelekea baba karatasi hizi barazani, nikamsomea zote, pamoja na mbuzi, pamoja na kule kuhesabu kwake ngazi. Alisikiliza ametazama mlimani, kofia magotini. Nilijua ataniambia nizichane, na nilikuwa nimeshajiandaa kukataa, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu.

Akasema, "Umemwandikia kwenda Goti na kurudi ni masaa mangapi?"

Nikamwambia sijaandika, kwa sababu unajua mwenyewe, ni mawili.

"Mawili ni ya watu. Kwangu mimi ni matano. Andika matano, asije akadhani bado najifanya." Akageuza kofia upande wa pili, akaigeuza tena. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ikabidi niiname nimsikie. "Halafu muulize kama ana masaa matano."

Nimekuuliza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokusema,
Mlinzi wa Njia