Saa Zetu za Jumapili

Mutheu mjukuu wangu,

Huku Wamunyu tuko salama, na mama yako amevuna pojo. Umeniuliza kama kuna faida katika kazi yako ya kulinganisha saa za nchi mbalimbali kwa setilaiti, miaka na miaka.

Kabla hatujaoana, babu yako alipata kazi Mombasa. Tulikubaliana kwamba kila Jumapili, redio ikitangaza saa, kila mmoja aangalie saa yake imekwenda mbele au nyuma kiasi gani, kisha tuandikiane.

Baba akaniambia, "Huyo atachoka. Olewa hapa karibu."

Wiki za kwanza hata mimi nilikuwa na shaka. Lakini misimu ilipita, barua zikaja bila kukosa, na saa yake ikawa inachelewa kwa kiasi kilekile kila wiki.

Nikamwambia baba, "Huyu sasa namjua."

Endelea kupima, mama; wiki chache hazikuonyeshi saa ipi ya kuaminika, miaka ndiyo inayoonyesha.

Nyanya yako anayekuombea