Leza ya Chanji

Jumamosi, 14 Juni

Vioo vinane leo. Viwili vimeingia vumbi, nimevitupa. Sita safi.

Nimeanza alfajiri kabla upepo haujaanza. Stoo yangu hapa Chanji, Sumbawanga, ni baridi, vidole vimekufa ganzi. Kazi ni ileile: nayeyusha plastiki, natia rangi ya zambarau, nachovya kioo, kinapandishwa polepole na mota niliyoitoa kwenye redio mbovu ya kaseti. Kikikauka kinabaki na ngozi nyembamba ya plastiki. Mwanga ukiingia kwenye ngozi hiyo unanaswa, unakimbia hadi ukingoni, na rangi inauongezea nguvu njiani. Hiyo ndiyo leza. Mwanga wake hauonekani kwa macho, umeipita nyekundu kidogo. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona. Vyombo vya kuupima viko Dar, kwa Gervas.

Jumatano, 18 Juni

Nimepeleka vioo stendi baada ya vipindi. Kondakta kauliza kama ni dawa. Nikasema ndiyo, ili asivirushe.

Gervas tulisoma meza moja chuoni. Baba alipopooza nikaacha masomo yangu ya uzamivu, nikarudi kumuuguza. Gervas akabaki. Baba tumemzika, mimi nikabaki kufundisha fizikia sekondari. Makubaliano yetu ni mepesi: mimi natengeneza, yeye anapima, makala itoke na majina mawili.

Mwaka jana nilituma ishirini. Jibu: haviwaki, ongeza rangi. Nikaongeza. Nikapunguza. Nikabadili unene, nikabadili plastiki.

Jumatatu, 30 Juni

Ujumbe wa Gervas: "Bado, Konso. Pole. Jaribu unene mwingine."

Sina unene mwingine wa kujaribu. Labda mimi ndiye kosa.

Alhamisi, 10 Julai

Sijui niandikeje.

Rafiki aliyesoma nasi, sasa mhadhiri, amenitumia makala. Kaandika "Hongereni." Nimeisoma nimesimama koridoni, watoto wakinipita na shikamoo zao, sikuitikia hata moja.

Leza ya plastiki. Inawaka. Picha ya kwanza ni kioo changu, namba niliyoikwaruza mwenyewe iko pembeni. Ni kimoja cha vile vya mwaka jana. Viliwaka tangu mwaka jana. Mwaka mzima nimesahihisha kosa ambalo halikuwepo.

Mwandishi ni Gervas, peke yake. Mwishoni kabisa kuna shukrani kwa "fundi wa Sumbawanga aliyeandaa vioo."

Fundi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia. Kapokea haraka, alikuwa anangoja.

"Konso, usikasirike. Ningekuweka wangeuliza uko taasisi gani. Ningesema nini? Mwalimu wa sekondari?"

"Ungesema hivyo hivyo."

Kisha akasema kilichokuwa kinamsumbua. Jumatano kuna wageni wanakuja kuiona leza. Vya zamani rangi imekufa, vimepigwa mwanga mno. Nilivyotuma juzi amevimaliza kwa majaribio. Vyake anavyochovya mwenyewe vinatoka na ukungu.

"Nitumie sita tu. Makala ijayo nakuweka wa pili."

Vinatoka na ukungu kwa sababu hewa ya Dar ina maji. Hapa Julai hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Ningemwambia. Sikumwambia.

"Nitavileta mwenyewe," nikasema.

Namchukia. Nimeandika ili nisije nikasema baadaye nilikuwa nimechoka tu.

Jumatano, 16 Julai

Dar. Miguu imevimba kwa safari. Vioo sita kwenye kopo la biskuti, vimefungwa kwa kitenge cha mama. Vyote vizima.

Wageni watatu na Profesa, mkuu wa idara. Gervas alitaka kupokea kopo mlangoni. Sikumpa. Nimekiweka kioo mwenyewe, nimekipanga mwenyewe, yeye akawasha leza ya kijani, ile ya kukipa kioo mwanga wa kuanzia. Mgeni mmoja akaelekeza kamera ya simu ukingoni, maana kamera huuona mwanga huo. Kwa macho hakuna kitu. Kwenye simu, doa dogo jeupe lenye zambarau, kali.

Niliangalia kwa muda mrefu. Walidhani sijawahi kuona simu.

Profesa akauliza nani kaviandaa. Gervas akafungua mdomo.

"Shikamoo Profesa. Ni mimi. Hivi, na vilivyo kwenye makala. Daftari langu hili hapa."

Kalipitia ukurasa kwa ukurasa, wageni wakiwa wamesimama. Kisha akanipeleka pembeni. "Mama, kazi ni yako, naiona. Lakini makala imeshatoka. Kuifungua upya ni kuichafua idara nzima. Ijayo tutakuweka."

Aliyasema kwa upole. Upole wake umeniuma kuliko uongo wa Gervas.

Nimekusanya vioo vitano vilivyobaki koponi na daftari langu. Gervas alinifuata hadi ngazini, akasema vibaki kwa ajili ya vipimo. Nikamwambia fundi anaondoka na kazi yake.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Baridi kali. Wimbo wa katikati ya masomo sikuuimba.

Jana nilimwandikia Profesa: makala irekebishwe, au nitawaandikia wahariri mimi, na picha za daftari. Bado hajajibu.

Mama alikuja kutoka Laela na debe la ulezi. Aliuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia kwa Kifipa, yote, hata mahali nilipokosa maneno. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Huo mwanga, wewe mwenyewe uliuona?"

"Niliuona."

Akasogea kwenye mkeka, akanipa ungo wa pili. Tumepeta hadi mchana.