Nimebakiza Wodi ya Wazazi Nipate Sababu ya Kumpigia

Shangazi, shikamoo. Nisikilize kwanza ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza.

Mimi ni fundi wa mtandao katika hospitali kubwa, nakaa chumba chenye skrini ukutani, na kitu kikiharibika skrini inawaka nyekundu lakini haikuambii ubaya umeanzia wapi, swichi moja tu, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ikizimika kwenye korido utaona famasi inalia, maabara inalia, printa za mapokezi zinalia, zote kwa mpigo, na zamani kazi yangu na mwenzangu, kaka mmoja mtu mzima tuliyemwita Ngoja, ilikuwa kumtafuta mchokozi kwa miguu. Tulimwita hivyo kwa sababu mimi nikikurupuka na bisibisi yeye husema, "Ngoja, dada. Anayelia sana siye aliyeumia." Basi tunapita korido kwa korido, anafungua makabati, ananiwekesha kiganja juu ya swichi nisikie ipi imepoa, na njiani ananichekesha mpaka wauguzi wanatufukuza, na nilipofiwa na mama ndiye aliyenishikia zamu, na siku niliyorudi hakunipa pole ya maneno, alinipa ngazi akasema, "Panda wewe, magoti yangu yameshastaafu." Nikalilia huko juu, naye akaishika ngazi hadi nilipomaliza.

Sasa amestaafu mwenyewe. Umekuja mfumo mpya, nami nimepewa kazi ya kuunganisha kila taarifa ya hitilafu na kifaa kinachoisababisha, ili kitu kikifa skrini iitaje swichi yenyewe au waya wenyewe, na nimeshaunganisha jengo zima, Shangazi, isipokuwa wodi ya wazazi, kwa kuwa nyaya za pale alizitandaza yeye, na nikikwama nampigia, "Kaka, hivi ule waya wa dirishani unaenda wapi?" tunaongea mpaka chai inapoa. Ukweli ni kwamba majibu nimeshayapata yote. Sijayaingiza tu. Nikimaliza nitampigia kwa lipi?

Juzi asubuhi wodi ile ikazimika, skrini nyekundu tupu bila jina la kifaa, nikawa nakimbia peke yangu kabati hadi kabati, na kumbe kuna mama anasubiri kuongezwa damu, majibu ya kundi lake la damu yamekwama maabara, muuguzi mkuu akayafuata mbio mwenyewe, tukapishana koridoni akaniambia, "Nyinyi watu wa kompyuta mna nini lakini?" Mama yule amepona na mtoto ni mzima, ila dhamiri inanisuta. Bosi anadhani wodi ile ni ngumu. Nifanyeje?

Fundi wa Skrini Nyekundu

*

Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza, sasa nakugombeza.

Wanawake hawaendi wodi ya wazazi kukulindia urafiki wako. Majibu ulikuwa nayo, ukayakalia ili upate kisingizio cha simu, na damu ya mtu ikachelewa. Usilipambe hilo kwa kumbukumbu tamu. Leo hii, kabla hujala, keti uingize kilichobaki. Kisha panga na wauguzi saa ambayo wodi imetulia, uchomoe kifaa kimoja kimoja, uone kama skrini inamtaja mkosaji au inabahatisha. Bosi mwambie ukweli kwa maneno machache, na muuguzi mkuu mwombe radhi uso kwa uso.

Hilo la kazi limekwisha. La moyo je? Pole, tena pole sana. Nami zamani nilifanya kazi redioni na dada mmoja, tukikata na kuunga tepu za vipindi kwa wembe meza moja, tunagombania kiti chenye mto. Zilipoingia mashine mpya kila mmoja akapewa chumba chake, na kazi ikawa safi na ya haraka. Kicheko chake nakisikia hadi leo. Kwa hiyo sikucheki. Lakini wewe unachokililia si makabati wala korido, ni mtu, na mtu huyo yu hai na ana simu.

Halafu nikuulize: fundi aliyezitandaza nyaya zile kwa mkono wake, unadhani anaamini kweli kwamba umesahau waya wa dirishani mara zote hizo? Anakujibu kwa sababu na yeye kwake kumekuwa kimya.

Maliza kazi, kisha mpigie. Atakuuliza, "Kimeharibika nini?" Mjibu, "Hakuna kitu, kaka. Nimekukumbuka tu." Halafu nyamaza, umwachie aongee.